Fidencia kwenye Karatasi Hamsini

Jumanne, tarehe 31 Oktoba. Asubuhi kulikuwa na baridi kavu na jua jeupe. Usiku mlima Popo, volkano yetu, ulikuwa umetema majivu, kwa hiyo karatasi zote zilizotundikwa barabarani kwa ajili ya Sikukuu ya Wafu, za zambarau, za waridi na za rangi ya chungwa, zilikuwa na vumbi la kijivu kama mabibi harusi waliozidisha poda. Nilitoka na ufagio wa mpini mrefu nikazipangusa, nikakohoa, nikarudi ndani. Dada yangu Fidencia alikuwa bado ni marehemu. Ilikuwa siku ya tatu.

"Umeamkaje, dada?"

"Wafu hatuamki, Anselmo. Funga mlango, upepo unanizimia mishumaa."

Alikuwa ameketi kando ya meza ya marehemu wetu, kati ya picha ya baba na picha ya mama, shali nyeusi mabegani, mikono mapajani. Mezani kulikuwa na kila kitu: maua, ubani, mikate ya wafu yenye mifupa ya unga juu yake, tamali za moto, zile za unga wa mahindi uliofungwa kwa majani, na bakuli la mole, ule mchuzi mzito wa pilipili na kakao. Fidencia aliinamia bakuli, akanusa kwa muda mrefu, akafumba macho, akashusha pumzi kama mtu aliyeshiba. Hakugusa kitu. Wafu hula harufu. Hilo hata mtoto mchanga wa mji wetu analijua. Tangu Misa ya Jumapili dada yangu alikuwa amekula harufu na kunywa maji, maana maji wafu hunywa kweli. Kila mtu ameona jinsi glasi ya mezani inavyopungua.

Fidencia ana miaka sabini na minne na uzito wa kuku wawili. Muuguzi wa zahanati alikuja Jumatatu, akamshika mkono, akaniita uani.

"Mzee Anselmo, maji yatambeba mpaka Alhamisi. Baada ya hapo, mimi nisiulizwe."

Alhamisi ndiyo tarehe mbili. Siku hiyo, saa sita mchana, kengele hupigwa na wafu wote waliokuja kututembelea hurudi walikotoka. Na Fidencia alikuwa amekwisha sema kwamba atarudi nao.

Kosa lilikuwa langu, na nilikwisha liungama.

Mimi nilikuwa mpiga lipu kwa miaka arobaini, mpaka chokaa iliponijaa kifuani. Sasa kila jioni nakwenda kwenye ukumbi wa nyuma ya kanisa, ambako mwalimu Marisela, binti wa Puebla mjini aliyesomea michoro, anatufundisha sisi watu wazima kukata karatasi. Unapanga karatasi laini hamsini juu ya bamba la risasi, unalaza mchoro juu yake, unashika patasi na nyundo, unapiga. Kinachotoboka juu kimetoboka mpaka chini. Kwa hiyo katika kazi yetu hakuna kosa moja. Ukikosea, umekosea mara hamsini.

Mwanzoni mwa mwezi mwalimu alisema, "Kateni mtu anayewachekesha. Mfanyeni mifupa." Hapa kwetu hilo si tusi. Siku hizi za wafu kila aliye hai huchorwa mifupa: meya, daktari wa meno, mama mkwe. Mnacheka, naye anacheka, mnakula mkate pamoja. Mimi nilimkata Fidencia akikoroga sufuria kwa mwiko uliomzidi urefu, aproni imefungwa kwenye mbavu tupu, kiwiko kimemchomoza kama mpini wa jembe. Alifanana sana. Chini yake nikakata jina zima, FIDENCIA CUAUTLE, kwa herufi kubwa, kwa sababu herufi nilikuwa nimezijua ukubwani na nilikuwa nazionea fahari. Bwana anisamehe.

Nilitaka nizitundike jikoni mwetu. Lakini furushi langu lilibebwa pamoja na mafurushi ya wenzangu, na akina mama wa rozari wakalitundika kwenye meza kubwa ya wafu kanisani. Hapo ndipo mzaha unapogeuka. Barabarani, mifupa ya mtu aliye hai ni kicheko. Mezani, kati ya mishumaa na picha, ni marehemu. Hatuweki mtu hai mezani, hata kwa bahati mbaya. Kisha Doña Herculana, kiongozi wa rozari, akapita na daftari akinakili majina yote ya mezani kwa ajili ya Misa. Akanakili na la dada yangu. Yeye na dada yangu wamepakana ukuta kwa miaka hamsini.

"Mimi nilikuwa nanakili," alisema baadaye. "Sikuwa nasoma."

Jumapili Padre Nicandro akalisoma jina hilo mimbarani, baina ya marehemu wawili wa kweli. Fidencia alikuwa benchi la pili. Nilimwona akishtuka kidogo, akapiga ishara ya msalaba, akasema "Amina" kwa sauti kubwa kuliko watu wote.

"Dada, wamekosea tu," nilimwambia njiani.

"Jina langu limesomwa mbele ya altare. Unataka nimwite Padre mwongo?"

Tulipofika nyumbani alivua aproni, akaitundika msumarini, akaenda kuketi mezani pamoja na baba na mama. Tangu hapo jiko lilikuwa baridi. Zile tamali nilizipika mimi, na Mungu anajua zilikuwaje.

Basi, hiyo Jumanne, kabla ya adhuhuri, majirani walianza kuja. Nilidhani wamekuja kunisaidia kumbembeleza. Wa kwanza alikuwa Doña Herculana mwenyewe, amevaa viatu vya Jumapili.

"Fidencia, shoga yangu, unaondoka lini?"

"Alhamisi, saa sita."

"Vizuri. Utamkuta Ponciano wangu. Mwambie nimeolewa. Mwambie kwa upole, lakini mwambie, asije mwakani akaniletea fujo."

"Akiniuliza na nani, nimjibuje?"

"Na mdogo wake."

Fidencia alipiga ishara ya msalaba. "Hilo nitamwambia mwishoni," alisema.

Alasiri foleni ilikuwa imefika kisimani. Mmoja alitaka mama yake aulizwe ufunguo wa kabati aliuweka wapi. Mwingine alikuja kumshtaki baba yake marehemu kwa sababu mpaka wa shamba aliuchora kwa fimbo, na mvua ikaufuta. Ubaldo mwoka mikate, tunayesoma naye jioni, alileta sweta la kumpelekea shangazi yake, akisema huko makaburini kuna baridi.

"Mzigo sibebi," Fidencia alisema. "Maneno tu. Na mseme polepole, kichwa kinaniuma."

"Kinakuuma kwa njaa!" nilipayuka. "Enyi watu, hamuoni kwamba dada yangu anakufa?"

"Mzee Anselmo," Ubaldo alinijibu kwa huruma, "pole sana. Sote tumesikia Misani." Kisha akanong'ona, "Lakini nafasi kama hii, mtu mnayemjua anakwenda huko, haitokei mara mbili."

Nilikwenda chumbani nikapiga magoti. Nilimwambia Mungu kwamba simwombi muujiza mkubwa, hata Lazaro alikuwa amelala kaburini siku nne na huyu ana tatu tu, tena anaongea. Nilipoinuka, wazo lilikuwa limenijia. Kama karatasi ndiyo iliyomuua, karatasi ndiyo itakayomfufua.

Jioni ile nilieleza darasani. Mwalimu Marisela aliguswa, akavua miwani akaipangusa.

"Mzee Anselmo, mchoro unaoweza kumfanya mtu aache kula ni mchoro wenye nguvu. Sijawahi kuona matokeo kama hayo, hata chuoni."

"Asante, mwalimu. Sasa nifundishe kukata mtu aliye hai."

Tulikuwa kumi na wawili, na hakuna aliyewahi kujaribu.

"Weka mashavu," mmoja alisema. Niliweka mashavu. Alionekana mfu aliyevimba.

"Mfumbue mdomo, aongee." Tulimfumbua mdomo. Akawa mfu anayelia.

"Tatizo ni macho," mwalimu alisema, akitembea huku na huku na kalamu sikioni. "Jicho ni tundu. Ukilitoboa, umepata fuvu. Usipolitoboa, umepata kipofu. Tuache mboni katikati, tuishike kwa daraja jembamba la karatasi." Katika kazi yetu kila kipande lazima kishikwe na daraja, la sivyo kinaanguka. Nilimwachia mboni kwa daraja jembamba kama unywele. Nilipoinyanyua karatasi, mboni ya kulia ilidondoka mezani. Zilidondoka mara hamsini, kama pilipili manga.

"Mtilie jasho," Ubaldo alisema. "Wafu hawatoki jasho." Tukamtilia matone ya jasho. Sasa alikuwa mfu aliyenyeshewa mvua.

Tulifanya hivyo kwa saa mbili. Tuliwakata Fidencia saba, kila mmoja mfu kuliko aliyemtangulia, mpaka mwalimu akaketi akasema kwa sauti ndogo kwamba huenda patasi zenyewe zimezoea kukata wafu. Nilichukua yule mwenye mashavu, kwa kuwa yeye angalau alikuwa mnene, nikamtundika mbele ya dada yangu.

Alimtazama kwa makini.

"Marehemu wa nani huyu? Mpe kiti, asisimame."

Jumatano ilikuwa Sikukuu ya Watakatifu Wote. Nilikwenda sakristia mapema nikamwomba Padre Nicandro alifute jina.

"Anselmo, mwanangu, nina Misa ya kuombea wafu, nina Misa ya kuombea wagonjwa. Misa ya mtu kutokufa sina. Lakini nitalitangaza."

Fidencia alikuwepo; alisema Misa haimkatazi mtu kwa sababu amekufa. Baada ya mahubiri Padre alikohoa, akashika mimbara kwa mikono miwili. "Ndugu wapendwa, nasahihisha. Fidencia Cuautle."

Nalo kanisa zima, kwa mazoea ya miaka mingi, likaitikia kwa sauti moja: "Raha ya milele umpe, ee Bwana!"

"Hapana, hapana," Padre alisema. "Yu hai!"

"Na mwanga wa milele umwangazie!" walimalizia, kwa sababu sala ikishaanza hapa kwetu haiachwi njiani. Fidencia alinigeukia akanipigapiga goti, kama mtu anayemfariji mfiwa.

Mchana ule majirani walimletea vitu vya mezani, maana sasa hakuna aliyekuwa na shaka. Walileta boga lililochemshwa na sukari guru. Kila nyumba ilileta boga. Yalifika kumi na moja, na la kumi na mbili nililiweka mimi. Fidencia aliyanusa moja baada ya moja, na uso wake ukazidi kukunjamana. Mwisho alisema, bila kuniangalia:

"Anselmo, mimi napenda boga?"

"Si unapenda? Kila mwaka unalipika."

"Nalipika kwa ajili ya baba. Mimi boga linanichefua tangu utoto wangu. Kinyesi cha mtoto kina heshima zaidi." Aliisogeza sahani yangu kwa kidole. "Miaka sabini na miwili tumekaa nyumba moja, wewe na mimi. Sina mume, sina mtoto. Wewe ndiye mtu anayenijua kuliko wote duniani. Na wewe umeniletea boga."

Nilikohoa. Alinisikiliza nikikohoa mpaka mwisho, kichwa ameinamisha upande, kama fundi anayesikiliza injini.

"Hicho kikohozi," alisema. Kisha akanusa mshumaa. Usiku ule nilisali rozari zote nne nikiwa nimekaa sakafuni karibu na kiti chake, nikishika upindo wa sketi yake ili akisimama nijue.

Alhamisi alivaa sketi yake nzuri na viatu vya harusi ya binamu yetu. Hakuweza kufunga kamba, nilimfungia mimi. Vifundo vya miguu yake vilikuwa vyembamba sana hata nikaona haya. Tulitembea pamoja na mji mzima, bendi ya matarumbeta mbele, maua yamemwagwa barabarani, yeye ameniegemea mkononi, na kila baada ya hatua kumi tukisimama. Watu walimpungia. "Msalimie mama!" walisema. "Fidencia, usisahau ule ufunguo!"

Makaburini aliketi kwenye ukingo wa kiwanja chetu, palipobaki nafasi mbili kando ya wazazi. Midomo yake ilikuwa imepauka. Kengele ya kwanza, ile ya robo saa kabla, ilipigwa. Padre alikuja na maji ya baraka, Doña Herculana akaja na rozari yake, mwalimu Marisela akaja akiwa amebeba karatasi mikononi, na nyuma yao watu wakasogea, maana walijua saa imekaribia.

Nilipiga magoti mbele yake kwenye udongo.

"Dada, nakuomba. Kula. Nakuomba mbele ya mama."

"Nitakula vipi? Nimekufa."

"Hukufa! Mimi ndimi niliyekukata vibaya!"

"Ulinikata vizuri," alisema. "Nilipoiona ile karatasi pale kwenye meza ya wafu nilisema, kumbe nikifa nitakuwa hivi, na kumbe yuko wa kunitundika. Nilifurahi, Anselmo. Halafu njiani ukakohoa." Alivuta shali. "Wewe ukitangulia, nani atanitundika mimi? Herculana? Herculana ataninakili tu."

"Ni kweli," Doña Herculana alisema, akalia.

"Hakuna atakayeliita jina langu. Nitakuja mwezi wa kumi na moja, nitasimama mlangoni kama mgeni aliyekuja kukopa, hakuna mshumaa, hakuna maji. Bora niende sasa, wakati mpo. Angalau mwaka kesho kuna mtu mezani." Akanitazama kwa mara ya kwanza baada ya siku nne. "Unataka nile? Niahidi hutatangulia."

Mimi si mtu wa kuapa. Saa ya kufa ni ya Mungu peke yake, na sijawahi hata kumwambia mtu "tutaonana kesho" bila kutanguliza jina lake. Nilimgeukia Padre. Padre alikuwa anaitazama ndoo ya maji ya baraka kana kwamba kuna kitu kimeandikwa ndani.

"Padre, naweza kuahidi jambo lisilo langu?"

"Kwa mujibu wa mafundisho, hapana," alisema polepole. Alimtazama Fidencia, akautazama mkono wake mwembamba juu ya goti. "Lakini mimi Jumapili nilimuua mtu kwa kusoma daftari. Leo usiniulize mimi."

"Saa sita kasoro dakika tano," mtu alisema nyuma.

"Fidencia, na kama Mungu akikataa?" nilimuuliza.

"Hilo ni kati yako na yeye. Wewe si ndiye unayesali kila siku? Ombea basi kitu chenye maana."

Ubaldo alininyooshea tamali kutoka kikapu cha mkewe, bado moto. Nilimenya majani yake ya mahindi, nikaiweka mkononi mwa dada yangu. Aliishika mbele ya mdomo wake. Hakuinusa. Ilikuwa inafuka moshi, na nilimwona akimeza mate, naye akaona kwamba nimeona.

"Simama," alisema. "Sema kwa sauti. Na walio nyuma wasikie."

Nilisimama. Nilivua kofia. Bwana, nilisema moyoni, unanijua, sijakuomba kitu kwa ubishi tangu nizaliwe. Huu ndio ubishi wangu, nibebe nao. Wenye matarumbeta waliyashusha.

"Mimi, Anselmo Cuautle," nilianza.

Aliuma. Kipande kidogo, pembeni tu. Akatafuna.

"Endelea," alisema, mdomo umejaa.

"Mimi, Anselmo Cuautle, mwenye akili timamu na kifua kibovu, naahidi mbele ya Mungu, mbele ya Padre, mbele yenu mliosimama na ninyi mliolala hapa chini: sitakufa kabla ya dada yangu Fidencia, hata kwa saa moja."